Goti Lisilo na Hatia

Ukitaka kumtambua daktari wa mifupa aliyestaafu, mtafute kanisani wakati wa sadaka. Waumini wengine wameinamisha vichwa, au wanajifanya wanatafuta noti iliyopotelea mfukoni. Yeye anatazama miguu. Mimi hukaa benchi la pembeni hapa kwetu Akheri, na watu wakianza kutoka mstari kwa mstari kwenda mbele, ibada yangu ndiyo inaanza. Yule mama anaegemea upande wa kushoto. Yule mzee mguu mmoja umefupika. Yule mtoto unyayo wake unatazama nje. Mke wangu hunipiga kiwiko, anasema watu watadhani nawatazama wake zao. Nilimwambia natazama nyonga tu, akasema hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya mifupa ya watoto, mnaovaa koti jeupe mpaka kwenye mgahawa wa chipsi ili dunia ijue. Sina ugomvi na koti. Mnajua mengi kuliko tulivyojua sisi, na mna mashine inayowaonyesha mfupa kama kwenye runinga huku mikono yenu ikiendelea na kazi. Sisi tulikuwa tunapiga picha, tunasimama mikono juu kama watu waliokamatwa na polisi, tunamsubiri fundi wa eksirei aende kuosha filamu. Anarudi nayo ikichuruzika maji, anaiinua mbele ya dirisha, tunauliza skrubu imefika wapi, anatujibu iko njiani. Tunasogeza kidogo, tunapiga nyingine. Uvumilivu nilijifunza pale kuliko katika ndoa, na katika ndoa nimekaa sana.

Aliyenifundisha kazi alikuwa bingwa mmoja wa Machame tuliyemwita Mzee Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno pekee alilolisema chumba cha upasuaji tangu kuingia mpaka kutoka. Mzee Taratibu hakuwa anamwambia mtoto "tembea nikuone." Mtoto akiambiwa hivyo anatembea kama yuko kwenye gwaride la Uhuru, ulemavu wote anaubana. Mzee alikuwa anaweka ndizi mbivu dirishani, kisha anamgeukia mama mtu na kuanza kuzungumza habari za mvua. Mtoto akiona hakuna anayemwangalia, anaifuata ndizi kwa mwendo wake wa kweli, na mzee anakuwa ameshaona kila kitu kwa pembe ya jicho. Kliniki yetu ilimaliza ndizi nyingi kuliko dawa. Mhasibu aliwahi kuja mwenyewe kuuliza kama tunafuga nyani.

Kupiga skrubu tulijifunza kwenye mifupa ya ng'ombe. Tuliinunua kwa muuza nyama wa Tengeru, ambaye hakuwahi kuona wateja wa namna yetu, watu wa tai wanaochagua mfupa wa paja kwa kuuchungulia kichwani na kuomba nyama ibanduliwe yote. Mazoezi yakiisha, mifupa ilikwenda jikoni ikawa supu ya wafanyakazi. Siku moja muuguzi mkuu, mama mkali aliyeogopwa mpaka na mganga mkuu, alikuta skrubu kwenye bakuli lake. Hakupandisha sauti. Aliiosha, akaniletea juu ya kisahani, akaniuliza kwa upole kama mgonjwa huyu ameshapewa ruhusa.

Lakini niwape kwanza kanuni, nisije nikasahau kwa kucheka. Mtoto akisema goti, shika nyonga. Neva inayohudumia nyonga inahudumia pia goti, na taarifa ya maumivu ikisafiri kwenda kwenye ubongo, mara nyingi hukosea anwani. Mtoto hakudanganyi. Analisikia goti kweli, huku mwizi yuko juu kabisa kwenye paja, ametulia, hana habari.

Elirehema alinijia akiwa na miaka kumi na minne, binti mwenye mwili wake, ambaye nyumbani walimsifu kwa afya. Goti lake la kushoto lilianza kuuma wakati wa mvua za vuli. Goti hilo, vijana wangu, lilitembezwa Arusha nzima. Lilipakwa mafuta ya simba kutoka kwa muuzaji ambaye nina hakika hajawahi kumwona simba hata kwenye kalenda. Bibi yake alilikanda kwa majani ya moto. Liliombewa kwenye mkutano wa injili Usa River, likatangazwa jukwaani kwamba limepona, likarudi nyumbani likichechemea. Lilivutwa na kocha wa mpira wa Olasiti, kwa sifa kwamba aliwahi kumvuta mchezaji wa ligi. Na sisi wenye vyeti hatukubaki nyuma. Lilipigwa picha zahanati hii na ile, na kila picha ilirudi na majibu kwamba goti ni zuri. Ilikuwa kweli. Sijawahi kuona goti zuri kama lile. Halikuwa na hatia yoyote, na ndilo lililoadhibiwa msimu mzima.

Aliingia chumbani kwangu na baba yake, mkulima wa kahawa asiye na maneno mengi. Nikaweka ndizi dirishani. Nilipokuwa namuuliza baba habari za kahawa, binti akaifuata ndizi huku unyayo wa kushoto umegeukia nje kabisa. Nikamlaza, nikaukunja mguu kuelekea tumboni, na paja likaenda nje lenyewe, kana kwamba ndani kuna kitu kinalisukuma. Nikamwagizia picha ya nyonga. Mpiga picha alinijia kuuliza kama nimekosea kuandika, maana mgonjwa anasema goti.

Nyonga ilikuwa inateleza. Ninyi mnaijua habari hii, ila niieleze kama nilivyomweleza baba. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kule juu, na kati ya kichwa na shingo kuna tabaka laini ambapo mfupa wa mtoto hurefukia. Kwa mtoto anayerefuka haraka, na hasa mwenye uzito, tabaka hilo linaweza kulegea, kichwa kikaanza kuteleza pembeni kama kifuniko kilichokaa vibaya juu ya chungu. Kikiwa kimeteleza kidogo, tunakishika kwa skrubu palepale kilipo, hatukilazimishi kurudi. Kikianguka kabisa, damu inayokilisha inaweza kukatika, kichwa kikafa, na binti wa miaka kumi na minne akapata nyonga ya bibi yake. Kinachoweza kukiangusha ni hatua moja mbaya kwenye matope. Nikamwambia baba kwamba mtoto analazwa leo, na kuanzia sasa mguu huo haukanyagi chini.

Baba aliitazama picha kwa muda. Kisha akauliza, kwa adabu sana, kama haiwezekani kusubiri wiki tatu tu. Baada ya wiki tatu ilikuwa kipaimara.

Kwa wale mliotoka mbali, kipaimara ni siku ambayo mtoto wa Kilutheri anakiri imani yake mbele ya usharika. Hiyo ni asubuhi. Siku yote iliyobaki ni mali ya kamati.

Kamati ilikuja wodini kesho yake, kamili. Mwenyekiti alikuwa mdogo wake baba, yaani baba mdogo wa mgonjwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Usa River. Mtu wa tumbo na sauti, aliyezaliwa kuwa mwenyekiti. Nasikia hata chakula cha jioni nyumbani kwake kilikuwa na ajenda. Alifuatana na katibu, mhazini, na shangazi aliyesimamia sare. Walikizunguka kitanda cha Elirehema, wakafungua kwa sala, wakapitia yatokanayo na kikao kilichopita. Mguu wa mtoto ulikuwa ajenda ya tatu, baada ya turubai na ndafu, yule mbuzi wa kuchomwa mzima.

Hoja yao ilikuwa kwamba hawakatai upasuaji, wanaomba tu usogezwe mpaka Jumatatu baada ya sherehe. Kadi zimeshasambazwa, mshereheshaji amepatikana kwa taabu, mbuzi wa ndafu ameshachaguliwa. Nilimhurumia yule mbuzi, maana naye alikuwa na tarehe isiyosogezeka. Shangazi akaongeza kwamba mtoto atatembea polepole, na kutoka mlango wa ukumbi mpaka meza kuu si mbali kiasi hicho.

Nilikasirika. Niseme kweli, nilitaka kuwatoa wote nje pamoja na ajenda zao. Hapa nawapa kitu ambacho hamtakikuta darasani: ukiwafukuza ndugu, wanaondoka na mgonjwa. Mzee Taratibu alinionya hivyo mapema. Kwa hiyo nikameza hasira, nikawatundikia picha dirishani, nikawaeleza habari ya kifuniko na chungu. Katibu aliandika. Mhazini alisinzia. Mwenyekiti peke yake alisogea karibu, akauliza skrubu yenyewe ni ya namna gani na ziko ngapi.

Nikamjibu ni moja. Aliniangalia kama mtu aliyegundua kwamba fundi anaiba saruji. Akasema yeye hata bawaba ya mlango wa choo hapigi skrubu moja.

Hapo ndipo nilipopata njia. "Mwenyekiti," nikamwambia, "mteja amekuja dukani kwako. Mlango wake wa mbele bawaba imelegea, na ana wageni baada ya wiki tatu. Utamwambia akaze leo, au asubiri wageni wakishaondoka?"

"Mlango wa mbao gani?" akauliza, akitafuta pa kutokea.

"Mninga."

"Mninga ni mzito," alisema, kwa huzuni ya mtu anayeijua bidhaa yake. "Utawaangukia wageni."

Wakati huo wote hakuna aliyemuuliza mwenye mguu. Elirehema alikuwa amelala akitazama dari, katekisimu imekaa kifuani. Alisema bila kugeuza kichwa, "Mimi katekisimu nimeshaishika yote. Nikiachwa mwaka huu, mwakani nitasimama na watoto wadogo. Lakini na mguu nautaka. Daktari, siwezi kupata vyote viwili?"

Nikamwambia anaweza, kwa sharti. Tunamfanyia upasuaji kesho, na mguu haukanyagi mpaka niseme mimi. Ataenda kanisani kwa magongo. Akauliza kuhusu kupiga magoti. Nikamwambia Mungu atatuelewa. Mwenyekiti akatangaza kwamba kikao kimefungwa, na katika vikao vyote nilivyohudhuria maishani, vikiwemo vya hospitali, hicho ni kati ya vichache vilivyoamua jambo.

Upasuaji wenyewe hauna hadithi, na upasuaji mzuri hautakiwi kuwa nayo. Kidonda kidogo pembeni ya paja, waya wa kuongoza kwanza, picha zinazochuruzika maji, kisha skrubu moja katikati ya kichwa cha mfupa bila kutokeza upande wa pili. Taratibu, taratibu. Nilipotoka nilimkuta mwenyekiti mlangoni, akaomba aone skrubu nyingine ya aina ileile. Aliigeuza vidoleni, akapima nyuzi zake kwa ukucha, akasema hii ni bidhaa ya maana na kwamba kule Usa River haipatikani.

Kabla hawajaondoka niliwakalisha familia nzima. Ugonjwa huu hupenda kushika na upande wa pili. Siku hizi wengine wenu hupiga skrubu nyonga zote mbili mara moja. Sisi tulisubiri na kuangalia, kwa hiyo ilibidi anayeangalia ajue anachokiangalia. Nikawaambia: likianza goti la kulia, hata kidogo, asikanyage, na asiambiwe ni goti. Mleteni. Nilimrudisha mwenyekiti kwenye maneno hayo mpaka akayakariri kama mtoto wa kipaimara, na shangazi akacheka kwa mara ya kwanza.

Basi Jumapili ya kipaimara ikafika. Kanisani mambo yalikwenda vizuri. Mchungaji alishuka madhabahuni akamfuata Elirehema kwenye benchi lake, akamwekea mikono akiwa amekaa, na nilimwona mama yake akilia chini ya kilemba cha sare kilichomfunika mpaka nyusi. Ukumbini ndiko kamati ilikonisubiri. Shangazi alikuwa ameyatazama yale magongo, akaona yataharibu picha. Alitaka yaachwe mlangoni. Elirehema akakataa. Wakavutana, halafu shangazi akaingia chumba cha nyuma na mkasi, na alipotoka magongo yalikuwa yamevishwa kitenge cha sare kuanzia juu mpaka chini, na utepe wa dhahabu. Binti akaingia ukumbini akirukaruka kwa mguu wa kulia, magongo yamependeza kuliko wageni, na mshereheshaji akipaza sauti kwamba anatembea kwa madaha.

Mimi niliwekwa meza ya wageni maalumu. Nilitambulishwa kama daktari aliyemfunga skrubu mtoto wetu, na watu waligeuka kunitazama kama wanavyomtazama fundi gereji. Ndafu ikaletwa. Keki ilikuwa ya ghorofa, imesimama mbele ikisubiri kukatwa. Kabla ya keki, mwenyekiti mwenyewe alimpelekea Elirehema kipaza sauti pale meza kuu, aseme neno la shukrani.

"Nawashukuru wazazi wangu, na kamati, na shangazi," alisema. "Na goti la kulia linaniuma tangu Ijumaa. Sikusema kwa sababu nimeona mmehangaika sana."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa nyama ya mbuzi. Nilianza kuinuka huku natafuna. Sijui ningesema nini, kwa sababu mwenyekiti aliniwahi. Alichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa mtoto, na ile sauti yake kubwa ikatoka ndogo.

"Asisimame," alisema. "Hiyo ni nyonga."

Bibi mmoja pale mbele akamsahihisha kwamba mtoto amesema goti. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, goti halina hatia." Kisha akaanza kugawa kazi. Wajomba wakambeba Elirehema akiwa juu ya kiti chake cha meza kuu, chenye maua na vitambaa vyote, wakampitisha katikati ya wageni waliosimama, wakampakia kwenye pikapu ya dukani iliyooshwa asubuhi na bado ikinukia saruji. Mpiga picha aliendelea kupiga, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Nilipanda nyuma na suti yangu, nikishika miguu ya mgonjwa isitikisike kwenye mashimo. Nilimpenda sana yule mtu mwenye ajenda zake.

Picha ilionyesha nyonga ya kulia imeanza kuteleza, kidogo mno, kiasi ambacho jicho la haraka lingepita. Kesho yake tukaipiga skrubu. Angerukaruka kwa mguu ule wiki nyingine moja tu, sijui leo ningekuwa nawasimulia nini. Keki ililetwa wodini mchana, bado haijakatwa. Watoto wenye plasta kuanzia kifuani mpaka miguuni walilishwa vipande wakiwa wamelala chali, na mshereheshaji alitangaza kila tonge kwa kunong'ona, maana muuguzi mkuu alikuwa amesimama mlangoni.

Kwa hiyo, vijana wangu, mtoto akisema goti mshike nyonga. Lakini kuna mtoto asiyesema kitu kabisa, kwa sababu ameona watu wazima wameshika kadi, wameshona sare, wamechinja. Msiishie kumuuliza inauma wapi. Muulizeni pia anaogopa kuharibu nini. Swali hilo halihitaji mashine, na hamtalikuta kwenye zile semina mnazorudi nazo na mikoba mipya.

Sasa mimi nimestaafu na nina benchi langu. Jumapili iliyopita, sadaka ilipoanza, Elirehema alipita mbele yangu. Ni mama wa mtu sasa, binti yake mkubwa yumo darasa la kipaimara la mwaka huu. Unyayo wa kushoto bado unatazama nje kidogo sana, kiasi ambacho ninakiona mimi na skrubu. Nyuma yake alikuwa baba yake mdogo, nywele nyeupe kabisa, tumbo limepungua. Nikaacha kumtazama Elirehema. Mzee alikuwa anaegemea upande, mguu wa kulia hautaki kukunjika, unyayo umegeukia nje.

Nilimkuta baada ya ibada kwenye mnada wa sadaka za mazao, pale nje, ameshinda mkungu wa ndizi na anaunyanyua begani. Nikamuuliza mguu una nini.

"Goti tu, Daktari," akasema. "Nimelipaka dawa. Nitakuja nikuone tukishamaliza kipaimara cha mjukuu. Si unajua, mimi ndiye mwenyekiti."

Nikafungua mdomo, na safari hii haukuwa na nyama. Lakini Elirehema alikuwa amesimama nyuma yetu. Alimtua mkungu begani, akauweka kwenye nyasi, akavuta benchi la kwaya lililokuwa limetolewa nje.

"Baba mdogo, kaa chini," alisema. "Hiyo ni nyonga. Keki itasubiri."

Mwenyekiti alimtazama, akanitazama mimi, akakaa.